Voi na Ndara: chuo, mbuga na mashamba yaliyo katikati

Voi iko kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kilomita kama 150 kutoka pwani, na tangu 2017 treni ya SGR ina kituo hapo. Familia za Kitaita zinazorudi likizo kutoka ughaibuni hushukia Voi, na watoto waliozaliwa nje hupelekwa moja kwa moja kwenye Hifadhi ya Tsavo. Wakishaona ndovu waliojipaka udongo mwekundu, safari huendelea hadi Mombasa. Ratiba hiyo inaacha nje sehemu kubwa ya Kaunti ya Taita Taveta, tena sehemu wanakoishi watu.

Kituo cha kwanza kinachostahili kuongezwa ni Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilicho nje ya mji upande wa Mwatate. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kikapata hati yake mwaka 2016. Kinajulikana hasa kwa uhandisi wa madini, na mahali penyewe panaeleza sababu: miamba ya Taita ina vito, vikiwemo tsavoraiti, ganeti ya kijani iliyopewa jina la Tsavo mwaka 1974. Kwa miaka mingi vito hivyo vimechimbwa kwa sururu na kuondoka vikiwa ghafi. Kijana anayefikiria masomo ya juu ana la kujifunza hapo.

Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, ikagawanywa Mashariki na Magharibi mwaka uliofuata. Tsavo Mashariki peke yake ni kilomita za mraba zaidi ya 13,000, na hifadhi hizo mbili zinachukua takriban asilimia 62 ya kaunti. Walioko Marekani wanaweza kuanzia huko huko: simba wawili wa Tsavo waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898 wamehifadhiwa katika Field Museum, Chicago.

Asilimia hiyo 62 inaeleweka vizuri zaidi kwenye mashamba ya Sagalla, chini ya milima ambayo wasafiri wa zamani waliiandika Ndara. Hapo ndovu hutoka mbugani usiku na kumaliza mahindi ya msimu mzima. Tangu 2009 wakulima wa Sagalla, wakishirikiana na shirika la Save the Elephants, wamekuwa wakizungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga huning'inizwa kwenye nguzo, kila baada ya mita kumi, ya kweli ikipokezana na ya bandia, na yote huunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Ngozi yake ni nene, lakini kandokando ya macho na ndani ya mkonga nyuki humuuma vilivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mavuno mazuri ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Ukame ukiua maua, nyuki huhama na kinga hupungua. Asali huuzwa, na hiyo ni faida ambayo ua wa umeme hauna.

Likizo ya Desemba huangukia wakati mahindi ya vuli yanakaribia kukomaa na wakulima wanakesha kuyalinda. Familia inayopita Voi mwezi huo itenge siku ya Sagalla, iombe nafasi mapema, na inunue asali kwa wakulima wenyewe.