Ile Si Salamu kwa Bankambo

Sisi watu wa Luano tunasikia ndege za kiwanja kila siku, wala hakuna anayeziogopa. Ndege tunayoiogopa ni ile ya batoto, ule ugonjwa wa kukakamaa na kutupa macho. Katika kitabu hiki tumezoea kusifu desturi za wazee wetu, na ni haki. Lakini leo tunabishana na moja: desturi ya kumfunika mtoto kitambaa na kunyamaza.

Tunasema tuliyoyaona nyumbani. Mtoto wetu alikuwa na miezi mitano. Kila akiamka aliinamisha kichwa na kukunja mikono kifuani, tena na tena, hata mara kumi na tano, kisha analia. Hakuwa na homa wala povu. Nkambo mmoja jirani akasema: "Musiogope, anasalimia bankambo." Wiki tatu tuliifurahia salamu ile. Tulipotaja lopitali, baba mukubwa akakataza: "Ile ni ndege. Mukimupiga sindano, itamumaliza." Wakati huo mtoto aliacha kucheka, akaacha kutazama uso wa mama yake.

Mwaka 1841 munganga mmoja Mwingereza, William West, aliandika barua katika gazeti la wanganga, The Lancet, juu ya mtoto wake mwenyewe aliyekuwa akiinama vilevile. Mwenzake wa London, Charles Clarke, alikuwa ameuita ugonjwa huo "salaam", kwa sababu ya kule kuinama. Basi nkambo hakuona vibaya! Macho ya Luano na macho ya London yaliona kitu kimoja. Tofauti ni kwamba West hakunyamaza: dawa zake zilishindwa, akaomba msaada mbele ya wote. Mwaka 1952 Gibbs na Gibbs wa Marekani walieleza alama za ugonjwa huo katika mashine inayoandika umeme wa ubongo. Mwaka 1958, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville, Sorel wa Ubelgiji alionyesha kwamba dawa ya homoni inaweza kuuzima. Lakini dawa inataka kuwahi. Kuchelewa kunakula akili ya mtoto.

Wengine wanasema: "Banatosha maji ya mugongo, mutoto anakufa." Tunawajibu: mara nyingi mtoto yule alifikishwa lopitali amechelewa, meninjiti imeshamshika. Maji yale yanapimwa ili kuitafuta meninjiti. Damu inapimwa kutafuta malaria na upungufu wa sukari. Na mashine ya kichwa haitii umeme wowote. Inasikiliza tu, nyuzi zimebandikwa juu ya ngozi, na mtoto akilala ni vizuri zaidi. Hakuna cha kuogopa pale.

Hatusemi lopitali ni mbinguni. Katika moja tulikemewa mbele ya watu: "Mama, ulikuwa wapi?" Tukatumwa na karatasi dirisha kwa dirisha, na kila dirisha na franga zake. Mashine ilikuwa fasi ingine, tukangoja siku kumi na moja. Mzazi anayetukanwa atarudi kwa mfumu, na wa kulaumiwa hatakuwa yeye peke yake. Wanganga nao wana desturi ya kuacha.

Lakini iko desturi yetu moja inayoweza kuokoa: mtoto ni wa ukoo mzima. Kukitokea kilio, tunachanga siku ileile, kila mtu na franga zake. Kwa vipimo tunasema, "Tungoje kwanza." Kwa nini tuwe wepesi kwa jeneza na wazito kwa mtoto aliye hai?

Basi mtoto akikakamaa, mlaze kwa ubavu. Usitie kijiko mdomoni, usimfukize moshi. Tazama saa. Mpige picha za video kwa telefone, munganga aone mwenyewe. Na kama hakuna homa, au mtoto hajafika miezi sita, usingoje kesho.

Wa kwetu sasa anakunywa dawa. Kuinama kumepungua, kucheka kunarudi pole pole, bado si kama zamani. Zile wiki tatu hakuna wa kuturudishia. Nkambo, tunakuheshimu: macho yako yaliona kwanza. Siku ingine ukiona, tuite, ututume lopitali. Salamu za bankambo zitangoja.