Jina Si Ufunguo: Acheni Kututesa na Orodha za Mimea

Nimekaa kimya kwa muda, wasomaji wangu, na leo nimerudi na hasira. Hasira yenyewe ni juu ya programu za kuchora bustani na mandhari, hasa sehemu yake moja ambayo hakuna mwandishi wa programu anayependa kuigusa: orodha ya mimea. Usicheke. Soma kwanza.

Rafiki yangu mmoja wa Homa Bay mjini hupanga viwanja: shule, zahanati, nyumba za wageni. Anaamua wapi pawe na kivuli, wapi uzio, wapi nyasi. Mimi niko Migori, kazi yangu ni kuandika programu. Alipopata kazi ya shule moja ya msingi yenye chekechea huku kwetu, aliniita nimsaidie upande wa kompyuta. Programu anayoitumia imetoka ng'ambo, ina leseni ya kulipiwa kila mwaka, na picha zake zinapendeza kweli. Unaweza kuona kivuli cha mti kitaangukia wapi saa kumi jioni. Nikasema hawa jamaa wanajua kazi.

Kisha tukafungua orodha ya mimea.

Orodha ilikuwa na mistari 64. Bei za miche zilikuwa zimepanda na ilibidi tuzibadilishe zote. Haya, hesabu nami. Unabofya mstari, unafungua kidirisha, unachagua sehemu ya gharama, unaandika bei, unahifadhi, unafunga. Hatua 6. Zidisha kwa 64, unapata hatua 384, za kubadilisha safu moja tu ya tarakimu! Ukikosea, hakuna kurudi nyuma. VisiCalc, lahajedwali la kwanza kwa kompyuta ndogo, lilitoka mwaka 1979. Tangu wakati huo binadamu anajua kwamba tarakimu zikipangwa katika jedwali, unaziandika palepale zilipo. Kwa nini sisi tunarudishwa nyuma?

Lakini uchovu wa vidole si kitu. Hatari hutoka kwenye uchovu huo.

Ndani ya ile mistari 64 kulikuwa na mmoja ulioitwa Thevetia peruviana, miche 120, wa kuletwa na mama mmoja mwenye kitalu upande wa Rongo. Mbali kabisa chini kulikuwa na mwingine, Cascabela thevetia, miche 80, wa kuletwa na mtu mwingine. Ni mmea mmoja! Ni ule wa uzio wenye majani membamba na maua ya njano kama tarumbeta, unaouona katika maboma mengi ya Nyanza. Unapendeza, mbuzi hawaugusi, na mbegu zake zina sumu inayoshambulia moyo. Mtoto akizitafuna anaweza kufa.

Katika programu, onyo la sumu lilikuwa limebandikwa kwenye jina la Thevetia peke yake. Rafiki yangu aliona onyo, akafuta mstari, akampigia mama simu kumwambia asilete ile miche. Cascabela, isiyo na onyo lolote, ikabaki ilipo, kandokando ya uwanja wa chekechea. Nilikuwa nimeketi naye bega kwa bega, na mimi sikuona kitu. Baada ya hatua 384 macho hayasomi tena.

Ni nani aliyetuokoa? Si kompyuta. Siku ya kupanda, yule mama alikuja na miche yake ya siala. Akakuta vijana wanachimba mashimo kando ya uzio, miche 31 imeshaingia ardhini. Akasimama, akaitazama, akanigeukia: "Nyathina, hii si ile mliniambia nisilete?"

Alidhani tumemnyang'anya kazi tukampa mwingine. Ana haki ya kudhani hivyo. Tulichukua muda kumweleza, na tulipomaliza kueleza, aibu ilikuwa yetu sote. Miche iling'olewa siku hiyohiyo na rafiki yangu akabeba hasara.

Sasa nije kwa wenzangu waandishi wa programu, maana maneno haya nawaandikia ninyi. Kosa hili lina chanzo kimoja: mtu aliketi mahali akaamua kwamba jina la kitaalamu ndilo ufunguo wa jedwali. Majina mawili, basi mimea miwili. Alidhani jina la Kilatini halibadiliki kwa kuwa Kilatini ni lugha iliyokufa. Linabadilika sana! Mfumo wa kumpa kila mmea jina la maneno mawili ulishika mizizi kwa kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1753, na tangu hapo wataalamu hawajaacha kuhamisha mimea kutoka ukoo mmoja hadi mwingine. Cassia siamea imekuwa Senna siamea. Siala, ambayo vitabu vya zamani viliiita Markhamia platycalyx, leo ni Markhamia lutea. Na migunga yetu? Mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua jina Acacia libaki na miti ya Australia, na ule wa Melbourne mwaka 2011 ukakataa kubatilisha uamuzi huo. Migunga ya Afrika ikagawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Mti uliosimama Lambwe miaka mingi haukujua kwamba umebadilishwa jina. Hifadhidata yako pia haikujua.

Hapo sijagusa majina yetu wenyewe. Ng'owo ya Mjaluo ni mkuyu wa Mswahili. Chwaa ni mkwaju. Yago ni mwegea, na wengine watakuambia ni mvungunya. Katika kaunti hizi mbili kuna Wajaluo, Wakuria, Wasuba na wengine, na mwenye kitalu anauza mche kwa jina analolijua mnunuzi wake. Programu ile ilikuwa na nafasi moja tu ya "jina la kawaida", na imejaa Kiingereza. Kwa hiyo agizo linatoka kwa Kilatini, linafika kitaluni kwa simu, linatafsiriwa kwa mdomo, na Mungu anajua kitakachopakiwa kwenye pikapu.

Naomba mambo manne tu.

1. Orodha iwe jedwali la kweli. Niandike palepale, nisogee kwa vitufe vya mishale, nibandike safu nzima kutoka lahajedwali. Vidirisha viwekeni kwa mambo yanayovihitaji.

2. Kila mmea upewe namba isiyo na maana yoyote, na chini yake majina yote unayobeba: ya kitaalamu ya zamani na ya sasa, ya Kijaluo, ya Kikuria, ya Kiswahili. Onyo la sumu likae kwenye mmea, lisikae kwenye jina. Nikiandika jina la pili la mmea uliokwisha kuwemo, niambiwe.

3. Niweze kubadilisha mistari mingi kwa pamoja, nione kwanza kitakachobadilika, na niweze kurudi nyuma.

4. Ikubali faili la kawaida la maandishi na ifanye kazi bila intaneti. Shambani mtandao huja na kuondoka upendavyo.

Najua mtakavyojibu. Mtasema mtumiaji ndiye mzembe, angesoma vizuri. Mtu aliyelazimishwa kurudia jambo mara 64 atakosea, na aliyemlazimisha ndiye mwenye kosa. Mtasema kazi ya kukusanya majina ni kubwa. Sehemu kubwa imeshafanywa: bustani ya Kew ilifungua mwaka 2017 wavuti wa Plants of the World Online, na ukiandika Thevetia peruviana unapelekwa moja kwa moja kwa Cascabela thevetia. Majina ya kwetu ndiyo yanayobaki, na hayo hayatatoka Uingereza. Yako kitaluni Rongo. Nendeni mkaulize.

Mtasema pia kwamba soko letu ni dogo. Serikali ya Kenya ilitangaza mwaka 2022 lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ipande miti. Kazi ya ukubwa huo huendeshwa kwa orodha. Orodha zikiwa mbovu, tutahesabu mti mmoja mara mbili na kupanda sumu penye watoto.

Wala sijitoi. Miaka kadhaa iliyopita niliandikia kikundi cha wenye vitalu programu ndogo, na ufunguo wa jedwali langu ulikuwa, naona haya kusema, jina la kitaalamu. Wakawa na Cassia siamea na Senna siamea, kila moja na bei yake. Mimi sikujua kwa sababu sikuwahi kuitumia hata siku moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimeifungua tena wiki hii na ninaibomoa.

Nawe fungua yako leo. Tazama ufunguo ni nini. Ukiona ni jina, jua kuna mahali mtu anafuta mstari mmoja na kuuacha pacha wake. Yule mama alibaki na miche yake 120 kwenye mifuko, na hakuna aliyemlipa. Kwenye lango la shule aliniuliza kama kompyuta yangu haijui kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na majina mawili. Yeye mwenyewe ana matatu.