Staa ana timu, mwandishi ana timu: Wewe uliza kama anakuambia ukweli

PAPA Leo XIV alipochaguliwa Mei 8, 2025, dunia ilitaka kujua msimamo wake kuhusu maskini, vita na wahamiaji. Chicago, jiji alikozaliwa, watu walikuwa na swali lao la dharura: huyu ni wa Cubs ama ni wa White Sox?

Usicheke. Kwanza ilivuma kwamba ni shabiki wa Cubs, na klabu yenyewe haikungoja ushahidi. Ubao mkubwa nje ya uwanja wao, Wrigley Field, ukatangaza habari hiyo kwa mbwembwe. Punde si punde ndugu yake akajitokeza akasema wapi, huyo ni White Sox damu. Kisha video ya Oktoba 2005 ikafukuliwa: padri Robert Prevost ameketi uwanjani, uso umejaa wasiwasi, White Sox wakicheza mechi ya kwanza ya World Series, yaani fainali za besiboli Marekani. Kesi ikafungwa. Mwezi uliofuata, Juni 11, akavaa kofia ya Sox hadharani kule Vatican.

Kwa nini watu wazima wahangaike hivyo na kofia? Chicago ina timu mbili za ligi kuu ya besiboli. Cubs wako kaskazini, kwenye uwanja uliofunguliwa 1914, katikati ya mabaa na watalii. White Sox wako kusini, upande wa jiji unaojulikana kwa viwanda, vyama vya wafanyakazi na mitaa ya Waamerika Weusi. Treni ni moja, Red Line. Ukishuka kituo cha Addison wewe ni wa Cubs, ukishuka Sox–35th unajulikana. Wewe unayeijua Mashemeji Derby ya Gor Mahia na AFC Leopards unaelewa: kumuuliza mtu timu yake ni kumuuliza ametoka wapi na amelelewa na nani.

Ndiyo maana mastaa wanaipenda sana kofia. Ukiivaa tu, bila hotuba, unaonekana mtu wa mtaa. Na hapo ndipo sisi tuna neno. Kila mtu ana haki ya kuwa na timu, awe rais, mwigizaji au mwandishi wa spoti. Deni alilo nalo kwako ni kusema ni timu gani, aliipataje, na kutokuficha makosa yake kwa sababu anaipenda.

Tuanze na Barack Obama, kwa kuwa Kogelo inatupa haki ya kumjadili. Alilelewa Hawaii, akafika Chicago 1985 kufanya kazi ya kuunganisha wakazi wa upande wa kusini. White Sox wakawa timu yake. Hakuwa na haya nayo: mwaka 2008, akiwania urais, alisema ukienda Wrigley utakuta bia na watu warembo wasiotazama mechi, na kwamba besiboli ya ukweli iko kwa Sox. Mwanasiasa anayetafuta kura akawachokoza mashabiki wa nusu ya jiji lake! Mwaka 2009 alirusha mpira wa kufungua mechi ya nyota wote akiwa na jaketi la Sox. Mwaka 2010 alialikwa kufungua msimu na timu ya Washington, na akavaa kofia ya Sox pale pale.

Lakini siku hiyo hiyo ya 2010, kwenye chumba cha watangazaji, aliulizwa ni wachezaji gani wa Sox aliowapenda utotoni. Hakutaja hata mmoja. Isitoshe, jina la uwanja wa zamani wa timu yake, Comiskey, likamshinda kutamka. Wapinzani wakamrarua: shabiki feki!

Sisi tunaona tofauti. Obama alijibu papo hapo kwamba alikulia Hawaii, kwamba utotoni alikuwa wa Oakland A's, na kwamba aliwapenda Sox baada ya kuhamia Chicago. Angeweza kujitungia utoto wa uongo, na wengi hufanya hivyo. Yeye alisema alipoipatia timu. Hilo linatosha.

Nyumbani kwake kulikuwa na upinzani pia. Michelle Obama ni mzaliwa wa upande wa kusini, kwa hiyo ramani inasema ni Sox. Moyo unasema Cubs. Januari 16, 2017, Cubs walipoalikwa Ikulu baada ya kushinda taji lao la kwanza tangu 1908, miaka 108 bana, Obama alieleza kwamba mkewe akitoka shule alikuwa akimkuta babake anatazama Cubs, na wanakaa pamoja. Timu ya mtu wakati mwingine ni kiti cha baba sebuleni. Nani atabishana na hiyo?

Bill Murray naye hajawahi kujificha. Mwaka 1987 mtangazaji wa Cubs, Harry Caray, alipougua kiharusi, watu maarufu walikaribishwa kushika maikrofoni kwa zamu. Murray alitangaza mechi kama shabiki mtupu, na hakuna aliyedanganyika kwamba anasikiliza mtu wa katikati. John Cusack yeye ameonekana akishangilia pande zote mbili, na mashabiki wa Chicago hawajamsamehe. Sisi hatumhukumu sana, maana angalau hajificha. Ila ukishangilia kila anayeshinda, kofia yako haituambii chochote.

Sasa wanahabari, na hapa mambo yanakuwa mazito. Staa akipendelea timu, hasara ni ndogo. Mwandishi akipendelea kimya kimya, wewe msomaji unalishwa nusu ya habari.

Chicago ndiko alikofanya kazi Jerome Holtzman, mmoja wa waandishi wakubwa wa besiboli. Mwaka 1974 alitoa kitabu cha kumbukumbu za waandishi wa michezo wa zamani, na jina la kitabu ni sheria yenyewe: No Cheering in the Press Box. Kwamba kwenye jukwaa la wanahabari hakuna kushangilia. Sheria nzuri. Lakini angalia kinachotokea ikikutana na pesa.

Mwaka 1981 kampuni ya gazeti la Chicago Tribune iliinunua Cubs. Kampuni hiyo hiyo ilimiliki WGN, redio na televisheni iliyotangaza mechi za Cubs. Fikiria hilo polepole. Gazeti linaloandika kuhusu timu, kituo kinachoonyesha timu, na timu yenyewe, vyote vya tajiri mmoja, hadi 2009 familia ya Ricketts ilipoinunua. Mwandishi wa Tribune anaweza kukaa kimya kama jiwe jukwaani asishangilie hata mara moja, lakini mshahara wake na wa mchezaji unatoka mfuko mmoja. Hiyo ndiyo kofia isiyoonekana, nayo ni hatari kuliko ile ya Obama.

Hata Harry Caray alikuwa ametangaza mechi za White Sox kwa miaka 11 kabla ya kuhamia Cubs msimu wa 1982. Wimbo aliokuwa akiongoza mashabiki kuimba kwenye mapumziko ya zamu ya saba, ambao leo watalii wanaujua kama wa Wrigley, alianza kuuimba na umati kule kusini kwa Sox. Sauti aliyodhani mtu wa kusini ni ya mtaa wake ilifuata ajira ikaenda kaskazini. Hakuna dhambi hapo, ni kazi. Lakini kijana unayempenda mtangazaji kama mjomba wako, kumbuka ana mwajiri.

Anayetufunza zaidi ni Mike Royko. Alikuwa mwandishi wa safu aliyesomwa kuliko karibu wote Chicago, na kila mtu alijua ni Cubs. Alikunywa pombe Billy Goat, baa ambayo mwenyewe wake wa kwanza anasimuliwa kuwa aliilaani Cubs mwaka 1945 alipofukuzwa uwanjani na mbuzi wake. Kwa miongo mingi kila Cubs waliposhindwa, watu walicheka wakamsingizia mbuzi. Hadithi tamu, na haimuumizi mtu.

Machi 1997 Royko aliandika safu kuhusu hiyo laana, nayo ikawa ya mwisho maishani mwake, kwani alifariki mwezi uliofuata. Hakumsamehe mtu. Alisema mbuzi hana kosa. Wa kulaumiwa ni P.K. Wrigley, aliyekuwa mwenye timu, ambaye hakutaka kusajili wachezaji Weusi wakati wengine wanawasajili. Jackie Robinson alivunja ukuta wa ubaguzi 1947 akiwa Brooklyn. Cubs hawakumchezesha Ernie Banks, mchezaji wao wa kwanza Mweusi, hadi Septemba 1953. White Sox walikuwa wameshamchezesha Minnie Miñoso tangu 1951. Safu hiyo ilichapishwa Tribune, gazeti ambalo wamiliki wake walikuwa pia wamiliki wa Cubs.

Mtu wa Sox angeandika hayo, wangesema ni wivu wa watani. Yalipotoka kwa Royko, hawakuwa na pa kujificha. Alikuwa amewapenda maisha yake yote, na alijua uchungu wa kila msimu. Upendo wake ndio uliompa uzito wa kusema.

Kwa hiyo, wewe unayetazama wachambuzi kwenye simu yako kila wikendi, usipoteze muda kumtafuta asiye na timu. Hayupo, na anayejidai hivyo mkague mara mbili. Muulize mambo matatu. Timu yako ni gani na ulianzaje kuipenda? Nani anakulipa, klabu, mdhamini ama kampuni ya kubeti? Na mara ya mwisho kuikosoa timu yako mwenyewe ilikuwa lini?

Akijibu yote matatu bila kukunja uso, mpe sikio hata kama ni mtani wako wa jadi. Akishindwa la tatu, huyo ni shabiki kama wewe, tofauti ni kwamba ana maikrofoni. Na wewe pia, siku klabu unayoipenda ikikosea mchezaji au shabiki wake, uwe wa kwanza kupaza sauti. Watani wakisema, wataambiwa wanaona wivu. Wewe hakuna atakayekuambia hivyo.