Tusimhukumu mama kabla ya vipimo



Ndugu wasomaji, mara tatu katika miaka sita tumewachimbia kaburi dogo wazazi walewale wa mtaani kwetu. Kila mara mimba ilikwenda vyema hadi mwezi wa sita, kisha picha ya altrasaundi ikaonesha maji yamejaa tumboni, kifuani na chini ya ngozi ya mtoto. Baada ya maziko ya tatu, wazee walifika ofisini wakitaka tumshauri kijana amwache mkewe, ambaye ni mtoto wa ami yake, aoe binti mwingine wa ukoo uleule. Walidai kuwa tumbo la mwanamke yule lina nuksi. Hatukukubali, na leo tunaeleza sababu.

Maji hayo ni dalili, nayo ina visababishi vingi: damu ya mama kutopatana na ya mtoto, kaswende na maambukizi mengine, kasoro za moyo au za kromosomu. Hayo hupimwa kwanza. Yasipoonekana, hasa msiba unapojirudia, yafaa kuulizia maradhi ya kurithi ya umetaboli, yaani ya namna mwili unavyovunja na kutumia virutubisho. Miongoni mwake ni ugonjwa wa Gaucher na ugonjwa wa Sly. Mtoto hukosa kimeng'enya kimoja, na mabaki yaliyopaswa kuvunjwa hurundikana ndani ya seli. Ini na wengu huvimba, damu hupungua, mzunguko wake huzuilika, na maji huvuja kutoka mishipani.

Mtoto mwenye maradhi hayo huwa amerithi jeni yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama, nao wazazi wote wawili ni wazima. Uwezekano ni 1 kati ya 4 katika kila mimba. Kumpoteza mmoja si dhamana kwa watakaofuata. Ndoa ya watoto wa ami ni halali, wala hatuharamishi alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Lakini wenye babu mmoja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba kasoro ileile. Basi kijana akioa binti mwingine wa ukoo huo, huenda akakutana na msiba uleule, naye atakuwa amemdhulumu mwanamke asiye na kosa.

Nasi tuna letu la kukiri. Watoto wale watatu tuliwazika haraka, bila kuuliza kama daktari amehifadhi chochote. Sampuli ya damu au kipande kidogo cha ngozi, pamoja na uchunguzi wa kondo la nyuma, vingeweza kutoa jibu. Havizuii kumwosha mtoto, kumkafini na kumzika kwa heshima yake. Mimba ikiwa ingalipo, maji ya uzazi nayo hupimika. Chanzo kikijulikana, mimba inayofuata huweza kupimwa mapema, na wazazi wakashauriana na daktari na mwanachuoni wakiwa na elimu.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba, na kuridhika na kadari hakupingani na kupima. Mume na mke wale bado wako pamoja. Wote wawili wametoa damu, na wanasubiri majibu. Tuwaombee subira, na ndimi zetu tuzizuie.

Wabillahi tawfiq.