Njia ya Kiboko

Wako watu wasemao kwamba kutembea porini bila haja ya maji, kuni wala mifugo ni upuuzi wa wageni. Wako na wengine wasemao kwamba, maadamu kandokando ya ziwa letu mna viboko, mwanafunzi mwema ni yule akaaye darasani akaitazama nchi yake katika ramani. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, nami nakusudia kukuonyesha, ewe msomaji kijana, kwamba makundi haya yote mawili yamekosa.

Ramani ni kitu chema, walakini ramani haina harufu wala jasho. Ukisimama Kisumu na kutazama upande wa kusini-magharibi, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, utauona Mlima Homa, wenye urefu wa mita 1,751. Karibu na Kendu Bay, upande uo huo, liko Ziwa Simbi Nyaima, lililokaa katika shimo la volkano kama maji katika bakuli. Wazee wa Kijaluo husimulia kwamba palikuwa na kijiji hapo. Bikizee mmoja akafika usiku akanyimwa makao, na maji yakakifunika kijiji kwa sababu ya uchoyo wake. Wanasayansi husema ardhi ilipasuka kwa nguvu za moto wa chini. Mwanafunzi alizungukaye ziwa lile kwa miguu huyaona maji yake ya kijani yasiyo na samaki, huonja magadi yake kwa ncha ya ulimi, na pengine huwakuta heroe wamesimama kwa mguu mmoja. Kwa asubuhi moja amesoma jiografia, kemia na mapokeo ya wazee, wala hatayasahau.

Hapo utaniuliza, “Na hatari je?” Swali lako ni la haki, nami sitalijibu kama mtu asiyepata kukosa. Miaka kadhaa iliyopita niliwaongoza wanachuo kwenda Simbi. Tulikawia huko, jua likaanza kuchwa, nami nikaamua kukata njia kandokando ya ziwa kuu ili tuwahi gari. Tuliona njia laini, pana, iliyopenya matete hadi majini. Nikafurahi, nikidhani imefanywa na wavuvi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu juu ya kilima kidogo akapiga kelele, “Rao! Rao!” Jina hilo, kwa Kijaluo, ni kiboko. Tukapanda mbio kwa vurugu, na msichana mmoja akaanguka akavunjika mkono. Hatukupata hata kutulia pumzi, mnyama mkubwa akatoka majini akapita pale pale tulipokuwa tumesimama.

Mzee yule hakunipa pole. Alinishika mkono akanionyesha ile njia: mifuo miwili sambamba, na katikati yake ukingo wa nyasi uliobaki wima. Njia ya mtu ina mfuo mmoja, ya kiboko ina miwili. Kisha akasema, “Mwalimu, wewe wasoma vitabu, njia huwezi kuisoma?” Sijapata kuulizwa swali lililonitia haya kuliko hilo.

Baada ya tukio hili, wakubwa wangu wa wakati ule walitoa amri kwamba matembezi yote yakome. Aliyekosa ni mimi, yakaadhibiwa matembezi. Tafakari nami: je, amri ile ilimwokoa nani? Kesho yake alfajiri wasichana wa kijiji kile walishuka ziwani na ndoo zao kama desturi, na wavuvi wakarudi gizani kwa njia ile ile. Amri ililinda jina la chuo, haikulinda mtu. Tulikuwa na walimu wa kesho, wangeweza kwenda kufundisha katika shule za ufukoni kote. Tukawafungia ndani, wakatoka chuoni hawajui mfuo mmoja wala miwili.

Watu wa Marekani wana hifadhi ya Yellowstone tangu mwaka 1872, na mna dubu wakali. Hawakuifunga milima yao. Huwafundisha watembeao waende kwa kundi, wasikae kimya wasije wakamshtua mnyama, na wakae mbali naye kiasi cha mita 90 au zaidi. Sisi tusiige desturi za dubu tukadhani zatosha kwa kiboko. Tuige ile nia ya kumjua mnyama wetu.

Basi mjue. Mchana kiboko hukaa majini, maana ngozi yake haistahimili jua kali. Jua likichwa hutoka kula nyasi, kiasi cha kilo 40 kwa usiku mmoja, na alfajiri hurudi. Usidanganywe na tumbo lake: hukimbia kuliko wengi wetu, kiasi cha kilomita 30 kwa saa. Hali nyama ya mtu akakuwinda. Lakini akikukuta kati yake na maji, hukuona kama adui aliyemzibia mlango wa nyumba yake. Kwa hiyo usipite ufukoni magharibi wala alfajiri, usiingie katika mifuo miwili, usisimame kati ya mnyama na ziwa, wala usimsogelee mwenye mtoto. Na wewe uendaye Dunga siku ya Jumapili ukamhimiza mwenye mtumbwi asogee karibu zaidi ili upate picha kwa simu yako, huo si ushujaa. Ni ujinga uliolipiwa nauli.

Wengine watasema dawa ni kuwaua wote. Siwacheki, kwani aliyeamka akakuta shamba lake limeliwa ana uchungu wa kweli. Lakini tujiulize ni nani aliyelima hadi ukingoni mwa maji, na nani aliyechoma mafunjo yaliyokuwa mpaka kati yetu na mnyama. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika, mtu na kiboko walisukumwa wakabanana katika ardhi ile ile iliyobaki kavu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa. Ni haki, na ilipwe. Lakini fidia huja baada ya msiba, elimu huja kabla yake.

Kwa hiyo, kijana, usikubali kufungiwa, wala usiende kama nilivyokwenda mimi. Mwombe mwalimu wako awapeleke. Nendeni mchana, mkae pamoja, na mbele yenu atangulie mwenyeji wa mahali pale, hata kama hajui kusoma herufi moja. Mkirudi, mfundisheni ndugu yenu mdogo atekaye maji alfajiri yale mliyofundishwa. Msichana wangu aliyevunjika mkono ni mwalimu sasa. Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wake Simbi, na saa nane, jua likali bado juu, huwa amekwisha kuwageuza kurudi.