Mashini ya kukausha nguo haitoi joto? Fundi asiye na kipima-umeme asiifungue

Tangu mvua zianze hapa Dilala, kamba za nguo zimehamia ndani ya nyumba. Wakaaji wenye uwezo wamenunua mashini za kukausha nguo, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya. Malalamiko ninayosikia ni yaleyale: mashini inazunguka, taa zinawaka, lakini baada ya saa mbili nguo zinatoka baridi na mbichi.

Si shida ya matajiri tu. Kwetu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na mtoto akivikwa nguo hiyo, funza anaingia ndani ya ngozi. Joto la pasi linaua mayai hayo. Upepo baridi wa mashini hauyaui.

Jirani yangu aliita fundi. Huyo alifungua mashini, akakuta fyuzi ya joto imekatika, akaitoa na kuunganisha nyaya mbili kwa kipande cha waya wa shaba. (Shaba hatujawahi kuikosa Kolwezi.) Joto likarudi, fundi akalipwa, nyumba nzima ikafurahi. Siku ya tatu harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Bahati mama wa nyumba alikuwa macho, akang'oa plagi.

Fyuzi ile hukatika hewa ya ndani inapozidi joto, mara nyingi kwa sababu nyuzinyuzi za nguo zimeziba chujio au njia ya hewa. Nyuzinyuzi hizo zinashika moto upesi. Ukiweka waya mahali pa fyuzi, hakuna tena kitu cha kuzuia moto. Kazi ya fundi ilikuwa kuuliza kwa nini ilikatika, kusafisha njia yote ya hewa, halafu kuweka fyuzi mpya yenye kipimo kilekile cha joto. Na sisi wateja tuna kosa letu: tunataka mashini iwake leo, kwa bei ndogo, na hatuulizi imetengenezwaje.

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika ndani ya mashini. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 220. Ukishuka robo, ukawa 165, joto halishuki robo: linashuka karibu nusu. Mashini ya wati 2,200 inabaki na wati 1,240 hivi. Pipa linazunguka, nguo hazikauki, na fundi anakuuzia koili mpya usiyoihitaji. Volti zipimwe kwenye plagi huku mashini ikiwa kazini, kwa sababu ikiwa imezimwa kipimo kinaweza kuonekana kizuri kabisa. Ralonji nyembamba nayo inakula volti. Stabilizateri ndogo ya televisheni haiwezi mzigo huo, usijaribu.

Inashangaza kuyaandika haya Kolwezi. Laini kubwa ya umeme kutoka Inga, karibu kilomita 1,700, inaishia hapa tangu mwaka 1982, na mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye Lualaba, si mbali nasi. Lakini laini ile ililetwa kwa ajili ya migodi. Nyumba iliyo mwisho wa waya mwembamba wa mtaa inapata kinachobaki, hasa saa za jioni wakati kila mtu anapika.

Kwa hiyo naona fundi asiye na kipima-umeme, kile wanachoita multimetri, asiguse mashini hii. Kwanza apime volti. Kisha ang'oe plagi, apime koili na fyuzi moja moja, ndipo aseme bei.

Fundi wa kwanza wa jirani yangu alikuja na bisibisi na koleo tu. Wa pili alitoa nyuzinyuzi zilizojaa mfuko mzima, akaondoa ule waya wa shaba na kuweka fyuzi mpya. Sasa mama wa nyumba anakausha nguo saa kumi na moja alfajiri, umeme unapokuwa na nguvu, na haondoki karibu na mashini mpaka izimike.