Mchoro mzuri, mistari ya kubahatisha

Haya wasomaji wangu, leo nimeamka na hasira, mtanivumilia.

Kila baada ya wiki chache kuna kijana mwenzangu wa kazi hii ya programu ananiuliza swali lile lile: "Kaka, ni programu gani nzuri ya kutoa mchoro kwenye hifadhidata ambayo tayari ipo?" Kabla sijafungua mdomo, mwingine ameshataja jina la programu anayoipenda. Wa tatu kataja yake. Wa nne anasema ya kwake ina rangi na masanduku yanajipanga yenyewe. Basi inakuwa kama Gor na Ingwe, kila mtu na timu yake. Hakuna hata mmoja anayeuliza: hiyo hifadhidata yenyewe ina nini ndani?

Mimi nasema hivi. Kuchagua programu ya namna hii kwa kutazama uzuri wa mchoro ni ujinga. Na nina haki ya kusema hivyo, maana mjinga nilikuwa mimi, digrii yangu ya kompyuta ikiwa imetundikwa ukutani kwa mama hapa Ziwa la Ng'ombe.

Nilipewa kazi na chama kimoja cha akiba na mikopo huku Kisauni, jina lake tuliache. Mfumo wao ni wa PHP na MySQL, uliandikwa 2007 na fundi ambaye baadaye alikwenda zake Ughaibuni bila kuacha karatasi hata moja. Mwenyekiti akaniambia, "Kijana, tunataka mfumo uwe unawatumia ujumbe wa simu wale waliochelewa kulipa." Kazi ndogo, nikajisemea. Nikafungua, nikakuta majedwali 34, mengine yana majina kama `fomu` na `fomu2`. Nikaona nipate mchoro kwanza.

Nikachukua programu ya kulipia yenye siku 30 za majaribio. Wallahi mchoro ulitoka mzuri! Masanduku ya buluu, mistari imenyooka, nikauchapisha kwa karatasi kubwa pale Kongowea na kumpelekea mwenyekiti. Akaubandika ofisini.

Katika mchoro ule, `wanachama` iliungana na `fomu`, na `fomu` ikaungana na `mikopo`. Nikasoma vile mtu yeyote angesoma: mwanachama hujaza fomu, fomu huleta mkopo. Nikajaribu kwa mikopo michache midogo, kila mmoja ulikuwa na fomu moja na mtu mmoja. Nikaandika programu ifuate njia hiyo hiyo, na Jumatatu asubuhi ujumbe ukatoka kwa watu 63.

Jioni yake mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi akaja hadi kibarazani kwetu, simu mkononi. "Shikamoo mama," nikasema. Akaitika, kisha akauliza, "Mwanangu, mimi nimekopa lini?" Alikuwa hajakopa. Alikuwa amemdhamini mtoto wa dadake. `fomu` ilikuwa jedwali la fomu za udhamini! Mkopaji mwenyewe alikuwa ndani ya `mikopo`, katika safu iliyoitwa `namba_m`, ambayo mimi niliidhania ni namba ya mfuko. Ujumbe wote nilikuwa nimewatumia wadhamini, nikiwaambia kuwa deni ni lao. Mume wa mama yule hakuwa akijua kuwa mkewe kamdhamini mtu, na yeye ndiye aliyeusoma ujumbe kwanza. Mengine siyaandiki.

Sasa tuje kwenye kiini. Ile mistari mizuri ilitoka wapi? Si kwenye hifadhidata. Majedwali ya fundi yule yalikuwa ya aina ya MyISAM, ambayo ndiyo MySQL iliyokuwa ikikupa usipochagua, mpaka toleo la 5.5 la mwaka 2010 lilipoifanya InnoDB kuwa ya kawaida. MyISAM haina funguo za kigeni. Ukiiandikia FOREIGN KEY inapokea amri kwa adabu, haikupi kosa lolote, halafu inaitupa. Kwa hiyo katika hifadhidata ile hapakuwa na uhusiano hata mmoja uliotangazwa. Programu ilitazama majina ya safu, ikaona `mwanachama_id` huku na `mwanachama_id` kule, ikachora mstari. `namba_m` haikufanana na kitu, ikaachwa. Kubahatisha kwenyewe si dhambi. Dhambi ni kuuchora mstari wa kubahatisha sawasawa na mstari wa kweli.

Fikiria ukiambiwa uchore mabomba ya maji ya mtaa wetu. Nyumba zimejengwa moja baada ya nyingine, kila mwenye nyumba kavuta bomba lake kupitia uani kwa jirani. Ukichora yale unayoyaona juu ya ardhi na ukajaza mengine kwa kukisia, halafu yote ukayatia wino mmoja, mtu atakuja kuchimba na kupasua bomba la mwenzake.

Mchoro wenyewe haukubuniwa kwa kazi hii. Peter Chen alipoandika makala yake ya 1976 kuhusu vitu na mahusiano, watu walikuwa wachore kwanza, wajenge baadaye. Sisi tunakwenda kinyumenyume. Programu inasoma kumbukumbu za ndani za hifadhidata na haiwezi kusoma nia ya mtu aliyekwenda zake.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza jina la programu, andika hii kwanza:

SELECT COUNT(*) FROM information_schema.KEY_COLUMN_USAGE WHERE TABLE_SCHEMA = 'hifadhidata_yako' AND REFERENCED_TABLE_NAME IS NOT NULL;

Ikirudi na sifuri, mabishano yenu yote ya rangi na masanduku ni kelele.

Na programu zenyewe? Mimi sasa natumia SchemaSpy. Haina uzuri wowote, inaendeshwa kwa kuandika amri, inataka Java, na kurasa zake hazimvutii mwenyekiti. Lakini mistari iliyotangazwa inaichora imara, na ile inayokisia yenyewe inaichora ya vipande vipande, na unaweza kuizima. Mahusiano yaliyokosekana unayaandika katika faili lako pembeni, bila kuigusa hifadhidata, na kesho ukiendesha tena yamo. DBeaver nayo, hata ile ya bure, inakuruhusu kuweka funguo za kigeni za kudhania kwa upande wako. MySQL Workbench sina ugomvi nayo, ila kama funguo hazimo inakupa masanduku matupu. Watu huicheka kwa hilo. Mimi naiheshimu, angalau haidanganyi.

Zile tovuti za kuchorea mtandaoni, sawa, zinapendeza. Lakini nimeona kwa macho yangu mtu akipakia nakala nzima ya hifadhidata, namba za vitambulisho na salio la watu vikiwamo, ili apate picha tu! Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, jamani. `mysqldump --no-data` inatoa muundo bila taarifa za watu. Hata hivyo, muulize mwenye mfumo kwanza.

Najua kuna atakayesema, "Hilo ni tatizo la mifumo ya kizamani, ya kisasa ina funguo zote." Kachore ya OpenMRS basi, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret 2006. Funguo zimo, tele, na mchoro mzima unatoka kama utando wa buibui. Utaona mstari kutoka `obs` kwenda `concept`. Umeelewa nini? Shinikizo la damu liko wapi? Uzito wa mtoto? Hayo ni mistari ya data ndani ya `concept`, si safu, na hakuna programu ya kuchora itakayokuonyesha. Itabidi ukae na mtu anayeijua kliniki.

Nami ndivyo nilivyofanya mwishowe, nimechelewa. Niliung'oa ule mchoro wa buluu ukutani, nikatoa mwingine wa SchemaSpy, nikakaa siku mbili na mhasibu wa chama, mama mtu mzima asiyejua jedwali ni nini lakini anayejua kila karatasi ya ofisi ile. Kila mstari wa vipande nilimsomea: "Hii fomu anaijaza nani? Lini? Nakala inabaki kwa nani?" Mistari 9 aliifuta kwa kalamu nyekundu. 14 akaiongeza, mmoja wapo ukiwa ni wa `namba_m`, ambayo aliitambua mara tu nilipoitamka.

Kwa wale 63 tulituma ujumbe wa kuomba radhi. Kwa mama wa mahamri nilikwenda mwenyewe, nikazungumza na mumewe pia. Bado ananiuzia, lakini mbaazi hajaniongezea tangu siku ile.

Kumebaki `fomu2`. Mhasibu haijui. Yule fundi nimeambiwa yuko Doha, nimemwandikia, nangoja jibu.